Ardhi Haisomwi kwa Miaka Miwili

Katika semina yetu ya majina ya mahali, kila mwanafunzi alipewa mtafiti mmoja wa kumsoma na kumweleza mbele ya wenzake. Mimi niliangukiwa na Mick Aston, mwanaakiolojia wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1946 na kufariki mwaka 2013. Nilizungumza kwa dakika ishirini. Nilipomaliza, mwenzangu mmoja aliinua mkono akauliza, "Huyu si yule mzee wa televisheni mwenye sweta za rangirangi? Aliandika makala mangapi katika majarida?" Darasa likacheka. Kicheko hakikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba nilianza kuhesabu kwa vidole, kana kwamba swali lile lilikuwa la haki.

Sasa nimepata nafasi ya kujibu, na jibu langu si idadi. Nadai kwamba swali lenyewe ni bovu. Maisha ya kitaaluma ya mtu kama Aston hayapimiki kwa kuhesabu makala, na chuo kinachotumia kipimo hicho peke yake hujinyima aina nzima ya maarifa, yaani yale yanayopatikana kwa kukaa mahali pamoja muda mrefu, kutembea kwa miguu, na kukubali kufundishwa na wenyeji. Sisi tunaosoma Kiswahili tunapaswa kulijali jambo hili kuliko wengi, na nitaeleza kwa nini kabla sijamaliza.

Tuanze na kazi yenyewe. Wengi wetu tukisikia akiolojia tunafikiria shimo na fuvu. Akiolojia ya mandhari ni kitu kingine. Huchunguza jinsi watu walivyoitengeneza nchi wanayoishi: mipaka ya mashamba, njia, visima, mitaro, malisho, makanisa, na jinsi nyumba zilivyopangwa. Anayechunguza Zama za Kati za mwanzo nchini Uingereza, yaani takriban karne ya 5 hadi ya 11, tangu utawala wa Roma ulipokoma hadi Wanormani walipoivamia nchi mwaka 1066, ana shida ya ziada. Maandishi ni machache. Nyumba nyingi zilijengwa kwa miti, nazo zimeoza. Katika kaunti ya Somerset, kusini-magharibi mwa nchi, hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa kwa karne kadhaa baada ya Waroma watu wa huko karibu hawakutumia vyombo vya udongo, mpaka vilipoanza kuonekana tena katika karne ya 10. Kigae ndicho shahidi mkuu wa mwanaakiolojia, na hapo shahidi hayupo. Mtafiti hubaki na vitu ambavyo mtu mwenye haraka hawezi kuvisoma: mkunjo wa mpaka wa shamba, rutuba ya udongo, jina la kiwanja kilicho kitupu.

Aston alifikaje huko? Alizaliwa Oldbury, karibu na Birmingham, katika familia ya kawaida ya wafanyakazi, akasoma jiografia katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Hakuanzia kwenye kiti cha uhadhiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi ya uchunguzi wa nyanjani chini ya makumbusho ya Oxfordshire, na mwaka 1974 akawa mwanaakiolojia wa kwanza wa kaunti ya Somerset. Cheo hicho kisitutishe. Mwanaakiolojia wa kaunti ni mtumishi wa halmashauri. Barabara ikipangwa kupita juu ya mabaki ya zamani, au machimbo ya mawe yakipanuliwa, ndiye anayetakiwa kusema pale pana nini. Hawezi kusema kama hajapajua, na hawezi kupajua bila kutembea. Aston alitembea, na pia alipanda ndege ndogo kupiga picha, kwa sababu jua likiwa chini vivuli huonyesha mitaro na misingi ambayo mtu aliyesimama juu ya nyasi haioni. Mwaka huohuo wa 1974 yeye na Trevor Rowley walitoa kitabu kiitwacho Landscape Archaeology, mwongozo wa jinsi ya kuchunguza mandhari ya baada ya Waroma. Kitabu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya maprofesa peke yao. Mtu yeyote mwenye viatu vigumu na ramani angeweza kukitumia.

Mwaka 1979 aliingia Chuo Kikuu cha Bristol, lakini katika idara ambayo watu wa vyuo huitazama kwa jicho la pembeni, nayo ni idara ya masomo ya watu wazima. Idara za namna hiyo zilipeleka elimu nje ya kuta za chuo, jioni na siku za Jumamosi, hadi kwenye kumbi za vijiji. Wanafunzi wake walikuwa watu wenye kazi zao na wastaafu, ambao hawakutafuta cheti cha kupandishwa cheo. Walitaka kujua nchi yao. Mwaka 1985 alitoa kitabu Interpreting the Landscape, na mtu akikisoma anasikia sauti ya mwalimu aliyezoea kuulizwa maswali na watu wazima wasioona haya kusema hawajaelewa. Uprofesa wa akiolojia ya mandhari aliupata mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka hamsini hivi. Kwa hesabu ya mwenzangu wa semina, huyo ni mtu aliyechelewa. Kwa hesabu yangu, alikuwa amefanya kazi robo karne kabla ya chuo kumpa jina la kazi aliyokuwa akiifanya.

Kazi iliyobeba maisha yake ya kitaaluma ni ya kijiji kimoja tu, Shapwick. Kijiji hicho kiko kwenye vilima vya Polden, juu ya nchi tambarare yenye majimaji ya Somerset. Jina lake katika Kiingereza cha kale lina maana ya shamba la kondoo. Mitaa yake imepangwa kama ngazi ya kupandia: barabara mbili sambamba zilizounganishwa na vichochoro. Ardhi yake ilimilikiwa na abasia tajiri ya Glastonbury, mpaka abasia hiyo ilipovunjwa mwaka 1539. Aston na mwenzake Chris Gerrard waliuliza swali linaloonekana dogo. Kijiji hiki kilipangwa lini, na kabla ya hapo watu waliishi wapi?

Kwetu swali hili si geni. Tanzania ilipowakusanya wakulima katika vijiji katika miaka ya 1970, na Rwanda ilipohimiza imidugudu tangu miaka ya 1990, watu waliacha nyumba zilizotawanyika mashambani wakajipanga kwa mistari. Wazee wanakumbuka nani alikuja kuwaambia wahame, na waliacha miti gani nyuma. Anayetaka kujua huwafuata na kuwauliza. Huko Shapwick wa kuulizwa alikufa miaka elfu moja iliyopita. Lakini katika daftari za abasia viwanja vya kulima vilikuwa vimeandikwa kwa majina, na baadhi ya majina hayo yalikuwa na viishio vya kale kama vile worth na wick, vyenye maana ya boma au makazi ya shambani. Kwa nini kiwanja kisicho na hata nguzo moja kiitwe boma? Dhana ikawa kwamba watu waliishi kwa kutawanyika, kila ukoo na boma lake, hadi karibu na karne ya 10, ndipo wakakusanywa mahali pamoja, maboma yakageuka kuwa mashamba, na majina yakabaki yakielea juu ya udongo mtupu.

Kupima dhana hiyo kulichukua takriban miaka kumi ya kazi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mashamba yaliyolimwa yalitembelewa kwa mistari, mtu na mtu, kila kigae kikiokotwa na kutiwa katika mfuko wenye namba ya mahali kilipotoka. Udongo ulipimwa kemikali, maana mahali palipokaliwa na watu na mifugo kwa muda mrefu hubaki na fosfeti na metali kuliko mahali pengine. Ua za miti zilihesabiwa aina zake. Nyumba za kale zilichunguzwa kenchi kwa kenchi. Na kwa kuwa kijiji chenyewe bado kinakaliwa na hakiwezi kubomolewa kwa ajili ya utafiti, yalichimbwa mashimo madogo katika bustani za watu.

Tafadhali, msomaji, simama hapo kwenye bustani. Hakuna jarida duniani linaloweza kumpa mtafiti ruhusa ya kuchimba kando ya mawaridi ya bibi wa watu. Ruhusa hiyo hutolewa na bibi mwenyewe, naye huitoa kwa mtu anayemfahamu, aliyemwona kijijini msimu huu na uliopita, na aliyemweleza kwa lugha anayoielewa anatafuta nini. Aston alikuwa ametumia miaka yote ile ya kumbi za vijiji akijifunza kuzungumza lugha hiyo. Kwa hiyo wanaosema kwamba kufundisha watu wa kawaida kulimpotezea muda wa utafiti wamelishika jambo kwa mkia. Ufundishaji ule ndio uliomfungulia milango ya utafiti.

Matokeo makubwa ya mradi yalitoka mwaka 2007 katika kitabu kizito kilichoandikwa na Gerrard pamoja na Aston, na kile kilichokusudiwa wasomaji wengi zaidi kilitoka mwaka 2013, mwaka aliofariki. Basi tufanye hesabu ileile waliyoipenda wenzangu. Kutoka kuanza kwa mradi hadi kitabu kikuu ni karibu miaka ishirini. Mradi wa Wharram Percy, kijiji kilichohamwa huko Yorkshire, ambako Maurice Beresford na John Hurst walirudi na watu wao kila kiangazi tangu mwaka 1950 hadi 1990, ulichukua miaka arobaini. Haya ndiyo mambo ambayo ardhi hudai. Udongo haujui tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ripoti.

Sasa tazameni kipimo chetu. Nchini Uingereza serikali ilianza kutathmini utafiti wa vyuo mwaka 1986, na zoezi hilo limerudiwa kila baada ya miaka kadhaa, fedha zikifuata alama. Vyuo vyetu huku navyo huhesabu makala mtu anapoomba kupandishwa daraja, na tunajua sote jinsi walimu wetu wanavyohangaika msimu huo ukifika. Jambo likifanywa hivi kwa muda, huanza kuchagua maswali kabla mtafiti hajachagua. Kijana mwenye mkataba wa miaka miwili hatauliza kijiji kilianza lini. Atachukua vigae vilivyokwisha kuokotwa na mtu mwingine na kuvipanga upya. Hilo si kosa lake, anahitaji kula. Lakini siku moja vigae vilivyookotwa vitakwisha kupangwa, na hatakuwapo aliyekwenda kuokota vingine.

Najua hoja tatu zitakazoletwa dhidi yangu, na sitaki kuzikimbia.

Ya kwanza ni kwamba kuhesabu ni haki. Kabla ya hesabu, watasema, cheo kilipatikana kwa kujuana, na mtoto wa maskini asiye na mjomba katika kamati hakuwa na la kujitetea nalo. Idadi ya makala angalau haijali ukoo wa mtu. Hoja hii ina nguvu, na mimi mwenyewe sina mjomba katika kamati yoyote. Lakini haki ya mizani si kupima kila kitu kwa kilo. Muuza maziwa akipimiwa kwa kilo na muuza kitambaa naye kwa kilo, mmoja wao ameibiwa, hata kama mizani ni sahihi. Ninachodai ni mizani zaidi ya moja, zote zikiwa wazi. Data za miaka kumi zilizohifadhiwa vizuri zinaweza kukaguliwa na mtu wa nje. Wanafunzi waliofunzwa kazi nyanjani wanaweza kuhesabiwa. Waingereza wenyewe katika tathmini ya mwaka 2014 waliongeza kipengele cha manufaa ya utafiti nje ya chuo. Wameona upungufu wa kipimo chao, na sisi bado tunakiiga kipimo kile cha zamani.

Ya pili ni televisheni. Kipindi cha Time Team kilianza mwaka 1994, na Aston alikuwa mmoja wa nguzo zake kwa karibu miaka ishirini. Kanuni yake ilikuwa kuchimba mahali kwa siku tatu tu na kujaribu kulijibu swali. Mtu anaweza kuniuliza: wewe unayetetea miaka ishirini, unamteteaje mtu wa siku tatu? Nakiri kwamba siku tatu ni chache, na kwamba watazamaji wengi waliamini akiolojia ndivyo ilivyo. Lakini angalieni kilichofanyika. Mamilioni ya watu walimwona mtu msomi akibishana na wenzake, akikosea mbele ya kamera, akibadili mawazo jioni kwa sababu ya kigae kilichopatikana mchana. Ni wangapi kati yetu wamewahi kumwona mhadhiri akibadili mawazo hadharani? Na kipindi kilipoanza kubadilishwa kwa namna aliyoona inapunguza akiolojia, Aston aliondoka, na jambo hilo likajulikana mwaka 2012. Mtu anayetafuta umaarufu haachi kamera inayompa umaarufu. Wakati uleule wa miaka ya siku tatu, mradi wa Shapwick ulikuwa ukiendelea. Siku tatu ziliwapa watu hamu, na miaka ishirini ndiyo iliyowapa jibu.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: zama zimebadilika. Aston, watasema, aliishi wakati wa neema, wakati halmashauri ziliajiri wanaakiolojia na vyuo vililipia masomo ya jioni, kwa hiyo kumfanya kielelezo leo ni kumwambia mwenye njaa habari za karamu ya jana. Nakubali kwamba zilikuwa zama za neema. Sikubali kwamba zilibadilika zenyewe kama msimu wa mvua. Mwaka 2007 serikali ya Uingereza ilitangaza kuondoa ruzuku kwa vyuo kwa ajili ya wanafunzi wengi wanaosoma kozi ya kiwango kilekile au cha chini kuliko sifa waliyo nayo tayari. Mwalimu mstaafu mwenye shahada ya hesabu, anayetaka kusoma mandhari ya kijiji chake Jumanne jioni, akawa si mwanafunzi wa kulipiwa tena. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Sheffield kiliamua kuifunga idara yake ya akiolojia, mojawapo ya zile zenye jina kubwa nchini humo, licha ya kilio cha watu wa ndani na nje ya nchi. Kila moja ya hatua hizo ilipigiwa hesabu na watu waliokaa mezani. Kilichoamuliwa mezani kinaweza kuamuliwa vingine, na ndiyo maana ninaandika makala haya badala ya kulia.

Sitaki pia mwanaume huyu atolewe kama mtakatifu. Dhana yake kuhusu Shapwick haikumaliza mjadala. Wapo wanaosema kwamba vijiji vya Uingereza vilijikusanya kwa nyakati tofauti katika sehemu tofauti. Stephen Rippon wa Chuo Kikuu cha Exeter, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kiitwacho Beyond the Medieval Village, alisukuma mizizi ya mabadiliko ya mandhari nyuma zaidi, hadi karibu na karne ya 8. Huenda Aston alikosea tarehe. Lakini anayetaka kumpinga ana mahali pa kuanzia: ramani, vigae vilivyohesabiwa, vipimo vya udongo, orodha ya majina. Msomi anayewaachia wapinzani wake silaha za kumshinda nazo amewatumikia kuliko yule anayewaachia hitimisho tupu. Makala ya kurasa kumi yanaweza kupingwa kwa makala mengine ya kurasa kumi, na udongo ukabaki vilevile haujaguswa.

Nilisema kwamba jambo hili linatuhusu sisi wa Kiswahili. Nitaanza na langu. Nimezaliwa upande wa Sembabule, Uganda, si mbali sana na Bigo bya Mugenyi. Hayo ni mahandaki ya kale karibu na mto Katonga, yenye urefu wa zaidi ya kilomita kumi kwa jumla, ambayo masimulizi huyahusisha na Wachwezi. Merrick Posnansky aliyachimba mwaka 1960. Ni ya karne za baadaye kuliko zile alizochunguza Aston, na ni nchi nyingine kabisa, lakini jina lake lina maana ya ngome za mgeni, na tangu utoto nimekuwa nikijiuliza: mgeni kwa nani? Aliyepaita hivyo alikuwa amekaa wapi? Nilipofika mwaka wa mwisho niliandika pendekezo la tasnifu: kukusanya majina ya vilima, visima na malisho ya eneo hilo kutoka kwa wazee, kuyaeleza kwa Kiswahili na kuyaweka kwenye ramani. Mhadhiri mmoja alilisoma, akanirudishia kwa upole. Alisema mada ni nzuri ila "haimaliziki", akanishauri nichukue riwaya moja nichambue wahusika. Nilichukua riwaya. Nilipata alama nzuri. Mmoja wa wazee niliokusudia kuwauliza amekwisha kufariki.

Simlaumu mhadhiri huyo kama mtu. Alikuwa akinilinda dhidi ya kalenda. Namlaumu aliyeitengeneza kalenda, na nawalaumu wanafunzi wenzangu na mimi mwenyewe kwa kuikubali bila hata kunung'unika. Maana sisi tuna dhambi yetu. Tunakwenda vijijini kukusanya methali, misemo, nyimbo za kazi na majina. Tunakaribishwa mikekani, tunapewa chai. Bibi anatutajia maneno arobaini ambayo hayamo katika kamusi yoyote. Tunarudi chuoni, tunayaweka katika jedwali la sura ya nne, tunapiga chapa, tunajalidi kwa jalada gumu lenye herufi za dhahabu, na nakala inalala kwenye rafu. Bibi hajui maneno yake yaliishia wapi. Tunajiita wasomi wa lugha ya watu, na watu hawajawahi kutusoma. Kisha tunamcheka Mwingereza mwenye sweta za rangirangi aliyerudi kijiji kilekile mwaka baada ya mwaka kuwaambia wenyeji alichokipata katika bustani zao.

Basi nadai mambo matatu, na ninayataja waziwazi ili anayepinga ajue pa kupiga.

Kwanza, kila tasnifu inayotokana na maarifa ya wenyeji irudishwe kwa wenyeji kwa lugha wanayoielewa, katika mkutano au kijitabu cha kurasa chache, na kurudisha huko kupewe alama kama sura nyingine yoyote. Kazi isiyo na alama tunajua wote kwamba haifanywi.

Pili, idara zikubali tasnifu za kupokezana. Mwanafunzi mmoja hawezi kumaliza majina ya wilaya nzima kwa miezi minane, lakini wanafunzi kumi wakifuatana katika miaka kumi wanaweza, kila mmoja akichukua kata moja na kutumia fomu ileile na ramani ileile. Wa kwanza asihukumiwe kwa kuacha kazi nusu, kwa sababu nusu hiyo ndiyo aliyotumwa. "Haimaliziki" iache kuwa sababu ya kukataa mada.

Tatu, mhadhiri anayetunza kumbukumbu hizo kwa miaka, na anayefundisha jioni katika ukumbi wa kijiji au shule ya sekondari iliyo jirani, ahesabiwe kazi hiyo anapoomba kupanda daraja. Sisemi ipewe uzito kuliko makala. Nasema ipewe uzito.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji ndege ya kupiga picha. La kwanza linahitaji nauli ya basi, la pili kabati lenye kufuli, la tatu safu moja zaidi kwenye fomu ya tathmini.

Kwa mwenzangu aliyeuliza swali siku ile, nami namuuliza. Kama ungemkuta Aston akianza kazi leo, akiwa na umri wa miaka ishirini na minane, hana cheo chuoni, ana kitabu kimoja cha mbinu, buti zenye tope na kaunti nzima ya kutembea, ungemshauri nini? Kama jibu lako ni kwamba aache, achukue riwaya, basi huna haja ya kunijibu, kwa sababu ushauri huo nimekwisha kuupata. Mimi likizo hii ninakwenda Katonga na daftari. Wazee wanne bado wapo, na tasnifu yangu imekwisha kusahihishwa, kwa hiyo hakuna tena wa kuniambia haimaliziki.